Steringi haui peke yake

Sote tuliokulia kwenye filamu za mapigano tunaijua sheria: steringi hafi. Akipigwa risasi, imemparaza bega. Akisukumwa kutoka ghorofani, chini kuna mkokoteni wa majani. Maadui thelathini wakimzingira, watamwendea mmojammoja, kwa zamu, kama watu wenye namba za foleni mkononi. Kesho yake tukisimuliana, tunasimulia alivyowamaliza. Waliomalizwa hawana majina.

Yupo mmoja ninayetaka kumtaja jina. Anaitwa Seizo Fukumoto, Mjapani, na kwa zaidi ya miaka 50 kazi yake ilikuwa kukatwa upanga na kuanguka. Haikuwa kazi ya kujishikiza akisubiri nafasi kubwa zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Wenzake humwita mtu wa namna hii kirareyaku, yaani mwigizaji wa kukatwa, na Wajapani wengi wakiulizwa ni nani aliyekuwa fundi wao mkuu, watakutajia yeye.

Mimi ni mhariri wa video. Kutwa nakata na kuunga picha za watu, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba siwezi tena kutazama filamu kama binadamu wengine. Kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha. Narudi nyuma fremu moja, nyingine, nyingine, nione wamefanyaje. Mke wangu alishakata tamaa, siku hizi anatazama za kwake kwenye simu. Fukumoto nilimjua kwa njia hiyo, kwa kusimamisha picha mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekuwa anamtazama steringi.

Alizaliwa mwaka 1943 huko Kasumi, mji wa wavuvi mkoani Hyogo, upande wa Bahari ya Japani. Alipomaliza shule ya kati alipelekwa Kyoto kwa ndugu mwenye duka la mchele. Kijana alikuwa mkimya, kuwachangamkia wateja hakuwezi, na duka bila kuchangamka haliendi. Akatafutiwa shughuli nyingine: akiwa na miaka 15 aliingizwa studio ya Toei, katika kitongoji cha Uzumasa, magharibi mwa Kyoto. Aliingia jinsi vijana wengine wanavyoingia kiwandani. Palikuwa na kazi, akapelekwa.

Na kazi ilikuwepo kwelikweli. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.1. Nchi ilikuwa na watu kama milioni 92, kwa hiyo ni zaidi ya tiketi 12 kwa kila mtu, watoto wachanga na vikongwe ukiwahesabu humohumo. Toei ilikuwa inapeleka filamu mpya mbili kila wiki kwenye kumbi zake, nyingi zikiwa jidaigeki, hadithi za enzi za samurai. Nyota walikuwa akina Chiezo Kataoka, Utaemon Ichikawa, Kinnosuke Nakamura. Kila mmoja wao alihitaji watu wa kukata, tena wengi, na kila wiki wengine. Hao waliwekwa pamoja kwenye chumba kimoja kikubwa cha kuvalia. Nyota walikuwa na vyumba vyao. Chumba kile kiliitwa obeya, na jina likawaganda watu wenyewe: waigizaji wa obeya. Mamia ya watu. Leo wewe ni askari, kesho mpita njia, keshokutwa maiti mtoni. Mara nyingi jina lako halitokei mwishoni mwa filamu, ndiyo maana ukitaka kumtafuta Fukumoto wa miaka ile orodha za majina hazikusaidii. Unamtafuta kwa mashavu. Alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, macho makali yaliyokaa chini ya paji la uso kama yanavizia. Uso wa adui tangu ujanani.

Sasa chukua pambano lolote la panga lililopigwa picha Uzumasa, ulisimamishe pale upanga unapopita. Haugusi. Kati ya ncha na tumbo la adui kuna nafasi, pengine ya kiganja, pengine unaweza kupitisha mkono mzima, na kamera imewekwa upande ambao nafasi hiyo haionekani. Upanga wenyewe mara nyingi ni mwanzi uliogandishwa karatasi ya rangi ya fedha. Hauna uzito wa kumchosha mtu. Kwa hiyo kilichopo mbele yako, ukiondoa muziki na vumbi, ni mtu maarufu anayepunga kijiti hewani.

Uzito wa pigo uko kwa anayekatwa. Makali yako kwake. Hata hasira ya steringi iko kwake, maana sisi tunajua amepiga kwa nguvu kiasi gani kwa kumtazama aliyepigwa. Akishtuka mapema, kafa kabla hajaguswa na ukumbi unaangua kicheko. Akichelewa, mwenzake anaonekana kakata ukungu, au kijiti kinampata kweli usoni. Na hapo bado hujahesabu mambo mengine anayotakiwa kuyakumbuka kwa wakati mmoja: aje kwa kasi ya mtu aliyedhamiria kuua, afike hatua ileile waliyokubaliana, asiuzibe uso wa steringi kwenye kamera, apokee pigo, kisha mwili wake utoke njiani, kwa sababu nyuma yake mwenzake keshainua upanga na naye anakuja.

Anayepanga haya yote ni tateshi, fundi wa mapigano. Yeye humweka mtu mmoja katikati, shin, na wale wanaomzunguka huitwa karami. Nyota anaweza kuwa mtu wa kuimba aliyeshikishwa upanga wiki hiyohiyo. Karami wazuri watamzunguka, watakuja kwenye pembe ambazo mkono wake unazimudu, wataanguka kwa wakati wake yeye, na wewe nyumbani utasema jamaa huyu ni hatari. Nimeshaona mashujaa wazito wa mikono waliookolewa namna hiyo. Bingwa wa upanga aliyeokoa karami wabovu sijamwona bado.

Mlio ule wa nyama kukatwa, ambao leo hatuwezi kufikiria pambano bila huo, ulianza kusikika kwenye filamu za Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fukumoto aliingia kazini kabla yake. Alijifunza kufa wakati ambapo hakuna aliyekuwa anakusaidia kwa sauti. Ulikuwa na mgongo wako tu.

Na ndiyo mgongo ninaotaka kuuzungumzia. Kifo chake kinachojulikana zaidi wanakiita ebizori, mpinde wa kambamti. Anakatwa, mwili unasimama ghafla. Kisha badala ya kuanguka mbele kama mtu aliyeumia tumbo, anapinda kwenda nyuma. Magoti yanabaki, kiuno kinatangulia, mgongo unajikunja mpaka kichwa kinaning'inia na uso unaonekana juu chini. Anabaki hapo kidogo, vidole vinatetemeka, upanga bado uko mkononi. Halafu anakwenda chini mzima mzima, pasipo kuweka mkono wa kujikinga.

Nimelirudia tendo hilo fremu kwa fremu mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye familia, na jambo linaloniacha hoi ni akili iliyomo. Adui huingia kwenye picha akiwa kaipa kamera kisogo, kwa sababu kamera inamtazama steringi. Huyo ndiye mtu wa kisogo maisha yake yote. Lakini ukipinda kwenda nyuma hadi mwisho, uso wako unafika kwenye kamera. Unapinduka, ndiyo, lakini umefika. Kwa nusu sekunde mtazamaji anakutana na yale mashavu na yale macho, na upande wa pili wa mgongo uliopinda steringi amesimama wima, haonekani kuzibwa hata kidogo. Hajaibiwa chochote, kaongezewa. Mhariri naye hapo hawezi kukata. Mtu akishaanza kupinda hivyo lazima umwache amalize, la sivyo picha inaruka. Fukumoto alikuwa anajipatia sekunde zake kwenye meza ya mhariri bila kumwomba mtu, na nikiri kwamba kama mtu wa fani hiyo nacheka kila nikimwona anafanya.

Zama zile hazikudumu. Televisheni iliingia majumbani na kufikia mwaka 1963 tiketi zilikuwa zimeshuka hadi chini ya nusu ya zile za 1958. Toei ikahama kutoka samurai kwenda filamu za yakuza, yaani magenge ya wahalifu, na watu wa obeya wakavua mawigi ya kale wakavaa suti. Mwaka 1973 Kinji Fukasaku alipoanza mfululizo wake wa vita vya magenge ya Hiroshima, alitumia kamera inayotikisika katikati ya fujo, na fujo yenyewe ilikuwa ni watu wa obeya. Fukumoto yumo humo, akifa kwa bastola na visu. Kipindi hicho baadhi yao walianza kujulikana; Takuzo Kawatani, aliyetoka kwenye maisha hayohayo ya kufa bila jina, akapanda hadi akawa uso unaopendwa kwenye televisheni. Fukumoto hakupanda. Au niseme alipanda kwenye ngazi nyingine, isiyo na mabango.

Jidaigeki ilipohamia televisheni, naye akahama nayo. Mfululizo wa Mito Komon ulianza mwaka 1969 na kuisha 2011. Abarenbo Shogun, ambamo Ken Matsudaira ni mtawala anayejificha mitaani kama kijana wa kawaida, ulianza 1978. Kila kipindi kina uovu, uchunguzi, na mwishoni uwanja ambako maadui wanamiminika kutoka kila mlango. Fukumoto yuko hapo wiki hii kama mlinzi wa mfanyabiashara mwizi, na wiki nyingine kama ronini wa kukodiwa, yaani samurai asiye na bwana, na kama umefuatilia unajua tayari umeshamzika mara kadhaa. Hakuna anayelalamika. Kuna kituko kimoja kwenye Abarenbo Shogun ambacho hunifurahisha: kabla ya pambano Shogun huugeuza upanga wake ili apige kwa upande usio na makali. Kwa hiyo wale wote wanaobiringika uani, wakipinda migongo na kukata roho kwa mbwembwe, kisheria wamezimia tu! Wakubwa wao ndio wanaouawa, tena kwa mikono ya wasaidizi wawili wa Shogun. Sijui kama Fukumoto aliwahi kufa kwa unyonge zaidi eti kwa sababu ni kuzimia. Mimi sijaona tofauti.

Jina lake la utani lilikuwa "mtu aliyekatwa mara 50,000". Nilipiga hesabu. Ukigawa kwa miaka 55 unapata vifo 900 na kitu kwa mwaka, yaani kama viwili na nusu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hakuna mtu aliyekaa na daftari, ni namba ya heshima. Lakini si ya kichaa kama inavyosikika, kwa sababu kwenye pambano moja karami hafi mara moja. Anakatwa, anabiringika nje ya picha, anazunguka nyuma ya kamera, anarudi kupitia mlango mwingine kukatwa tena. Ukiongeza mazoezi, na marudio ya picha zilizoharibika, na siku za kupiga picha za vipindi viwili tofauti, namba inaanza kupanda. Waliozimia sijawatoa.

Mwaka 2001 kilitoka kitabu cha mahojiano naye. Kichwa chake, ukikileta kwetu, ni "Mahali fulani kuna mtu anakutazama". Ningekisoma kichwa hicho kwenye kitabu cha mtu mwingine ningesema ni faraja ya kujipoza. Lakini miaka miwili baadaye, 2003, akatokea kwenye The Last Samurai ya Edward Zwick, karibu na Tom Cruise.

Wengi mnamjua mkiwa hamjui kwamba mnamjua. Ni yule mzee anayepewa kazi ya kumlinda mateka wa Kimarekani, anamfuata hatua tatu nyuma popote aendapo, hasemi neno. Mmarekani anamuuliza jina, kimya. Anamchokoza, kimya. Mwishowe anaamua kumwita Bob. Bob hatikisiki. Watu walicheka ukumbini, na kicheko chote kilitegemea uso mmoja usiofanya chochote. Jaribu siku moja kutofanya chochote mbele ya kamera uone kama ni rahisi. Bob anatamka jina la yule Mmarekani mara moja tu kwenye filamu nzima, vitani, anaporuka mbele yake na kuipokea risasi iliyokuwa ya mwenzake. Basi. Mtu aliyekufa maisha yake yote kwa mkono wa steringi, safari hii alikufa kwa ajili yake. Ken Watanabe, aliyeigiza kiongozi wa samurai, ndiye aliyepata uteuzi wa Oscar, na alistahili. Mimi kwenye filamu ile nasimamisha kwa Bob.

Ulimwengu ulipoanza kuuliza mzee yule ni nani, yeye alikuwa ametimiza miaka 60 na kustaafu Toei kwa kanuni ya umri. Aliendelea kuitwa kazini. Kazi ndiyo iliyokuwa inapungua: vipindi vya samurai vilikuwa ghali kutengeneza, watazamaji wake wanazeeka, na Mito Komon ilipofungwa mwaka 2011 watu wa panga wa Uzumasa walibaki wakicheza maonyesho kwa watalii kwenye kijiji cha sinema cha Toei, pembeni ya studio yao wenyewe.

Hadithi hiyo ndiyo iliyofanywa filamu mwaka 2014, Uzumasa Limelight, ya mwongozaji Ken Ochiai. Fukumoto, kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 70 hivi, ndiye mhusika mkuu. Anaigiza Kamiyama, kirareyaku mzee ambaye kipindi chake kimefutwa na ambaye anaanza kumfundisha upanga binti mdogo, Satsuki. Mwandishi, Hiroyuki Ono, ni mtafiti wa Charlie Chaplin, na jina la filamu limeazimwa wazi wazi kwenye Limelight, filamu ya Chaplin mwenyewe, pamoja na mzee anayeshuka na msichana anayepanda. Satsuki ni Chihiro Yamamoto, aliyekuwa bingwa wa vijana wa wushu, mapigano ya Kichina, na inaonekana: miguu yake haidanganyi. Steringi wa zamani anaigizwa na Hiroki Matsukata, ambaye alikuwa steringi wa kweli wa Toei na mtoto wa steringi wa panga, Jushiro Konoe. Wanapokutana wale wawili huoni waigizaji wanaojifanya wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

Kama filamu, nina manung'uniko yangu. Muziki unalia kabla sisi hatujalia. Vijana wa studio wamefanywa wajinga kupita kiasi ili wazee wang'ae. Na ukimpa Fukumoto mazungumzo marefu unamwona anavyopungua. Yeye si mtu wa maneno, anaongea kama aliyeazimwa sauti. Ila kwenye mafunzo, anapomsahihisha binti namna ya kushika upanga wa mbao, anasogeza kiwiko chake kidogo tu, na pozi lote linabadilika. Hiyo haikuandikwa na mwandishi.

Tamasha la Fantasia la Montreal likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka huohuo. Wahenga walisema mchezo kwao hutunzwa. Wake ulianza kutunzwa Kanada. Alifariki tarehe 1 Januari 2021, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 77, na vichwa vya habari Japani vikarudia ile namba ya 50,000.

Kuna wanaoandika juu yake kwa huruma: maskini, miaka yote ile, nafasi moja tu. Siwaelewi. Mwaka huu nimehariri kazi yenye steringi mzuri wa sura aliyezungukwa na vijana waliookotwa siku hiyohiyo waje kupigwa ngumi. Wanaanguka kama wanaotafuta mahali pa kukaa. Nimejaribu sauti, nimejaribu kuharakisha picha, nimejaribu kukata fremu mbili kabla ya pigo. Ngumi haina uzito na haitakuwa nao, na mwenye kazi anapiga simu kuuliza kwa nini steringi wake anaonekana goigoi. Nimemtumia pambano moja la Abarenbo Shogun na kumwambia asimtazame Shogun. Amejibu kwamba picha ni za zamani sana, na anataka niongeze mlio.